Huyu Njo Anatulishaka

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa,

Jambo kwako na kwa nyumba yote ya Kikula, huko Likasi. Mtu aliyelelewa vizuri haanzi barua kwa ugomvi, anauliza afya kwanza, na kwa kuwa Mama alinilea vizuri, nauliza. Ketsia, mtoto wako wa mwisho, anaendeleaje? Homa haikurudi? Anakula? Na mulamu wangu Clarisse, mke wako, amepata usingizi baada ya mahangaiko yale ya hospitali? Wewe sikuulizi. Nilisikiliza sauti yako katika ule ujumbe wa simu, tena na tena, na ilikuwa sauti ya mtu mzima kabisa, aliyeshiba, asiyeumwa hata jino.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku Quebec huijui, na sina hamu ya kukueleza sana, utadhani naomba huruma. Inatosha ujue kwamba asubuhi nikitoka nje machozi yanaganda kwenye kope. Siku hizi yanaganda mara nyingi, na si kwa sababu ya upepo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu milango mingine yote umeifunga. Umenitoa katika grupu ya familia. Simu yangu umeizuia, na ya Clarisse umeizuia pia, maana nikimpigia inalia kidogo inakatika. Karatasi huizuii. Na ukiona naandika Kiswahili cha Biblia, si kile chetu cha nyumbani, ujue nimefanya makusudi. Nataka na mchungaji wako aisome, asije akasema hakuelewa.

Ulimwambia huyo mchungaji kwamba mdogo wako wa kike anafanya kazi na ndege porini, usiku. Tantine Marthe, mama yetu mdogo wa Kapolowe, alikuwapo, aliyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwako. Basi kaa chini nikueleze kazi yangu, kwa sababu tangu nimefika huku hujawahi kuniuliza. Uliuliza kama kweli huku mbwa wana daktari wao. Uliuliza kama wanaume wa huku wanapika. Kazi yangu hukuuliza.

Mimi ni mlinzi wa hifadhi. Najua huko kwetu ukisema garde, watu wanamwona yule baba anayesinzia kwenye kiti mbele ya duka. Mimi sisinzii. Nafika asubuhi, mlango wa ofisi umefunikwa na theluji mpaka kwenye kitasa, nashika koleo nafukua kama wachimbaji wa kwetu wanavyofukua malakiti, yale mawe ya shaba, ila mimi nikifika chini napata mlango tu. Kisha napanda pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu, nazunguka njia zote. Mti umelala njiani, naukata kwa msumeno wa injini. Kuni zimepungua katika vibanda ambamo wageni wanapasha miguu, naongeza. Nikifika ziwani natoboa barafu kwa kekee ndefu, napima unene wake, halafu naandika kwenye ubao kama watu waruhusiwe kutembea juu yake au la. Ndiyo, Yaya, juu ya ziwa, kwa miguu, na hakuna hata mmoja wetu aliye mtume Petro. Vyoo vya porini navyo ni vyangu. Hivyo mchungaji wako hakuviona katika maono.

Msimu wangu wa kwanza nilishika kufuli ya chuma kwa mkono mtupu ulioloa. Ngozi ya vidole ilibaki kwenye kufuli. Nilipiga yowe la Kikula kabisa, "Mawee, Mama!", na wenzangu wakatoka mbio kuangalia ni mnyama gani. Hilo sikukuandikia wakati ule. Nilimwambia Mama peke yake, naye akaniuliza kama huku hakuna mafuta ya mawese ya kupaka.

Kazi yangu ya pili ni kupanga shughuli za wageni. Wakati wa joto watu wanakuja wenyewe, hatuna haja ya kuwaita. Katika baridi mtu hatoki kwake bila sababu, kwa hiyo sisi ndio tunaotengeneza sababu. Chefu wetu, mkubwa wetu wa kazi, anaitwa Lucie, mwanamke mfupi, anasema haraka mpaka leo nusu ya maneno yake nayakamata kwa kuotea. Anatuketisha mezani, kahawa mbele, na kila mtu alete wazo lake. Mwenzangu mmoja alileta uvuvi wa kwenye barafu. Mwingine alitaka kuwafundisha watoto kusoma nyayo za wanyama. Mimi nilileta matembezi ya jioni ya kumwita bundi.

Ndiyo, bundi. Usiitupe karatasi, haina mabawa.

Nilipanga yote mwenyewe. Nilichagua njia ambayo hata mtoto mwenye miguu mifupi anaimaliza kabla giza halijashika. Nilichagua mahali pa kusimama, penye miti mikubwa, pasipo na upepo. Nilipanga niite mara chache tu, maana ukimwita sana bundi anadhani mwingine amemwingilia shambani mwake, anachoka bure. Nilipanga pia la kufanya asipojibu, kwa sababu wageni wamevaa nguo nzito na wametoka mbali, huwezi kuwarudisha hivi hivi. Asipojibu tunaingia kibandani, wanakunywa chokoleti ya moto, nawaonyesha manyoya yake na mifupa ya panya anayoitapika. Watoto wanapenda mifupa kuliko ndege mwenyewe.

Unadhani mimi sikuogopa? Nimezaliwa nyumba moja na wewe. Mara ya kwanza Lucie alipomwita mbele yangu, bundi akaja kimya, akatua kwenye tawi juu ya kichwa changu, nilikimbia mpaka kwenye pikipiki nikainama nyuma yake. Wenzangu walicheka hadi wakakaa kwenye theluji. Sikuwaambia kwa nini nimekimbia. Ningewaambiaje? Kwamba huko kwetu huyu si ndege, ni gari la mchawi? Kwamba akilia juu ya bati watu wanaanza kutazamana?

Na nikuulize, unakumbuka bundi wa mwavokado wetu? Mimi na wewe tulikuwa chini ya kitanda, wewe mkubwa umeniacha upande wa mlango ili nishikwe mimi kwanza. Nani alitoka nje? Mama. Alitoka na kijinga cha moto mkononi, akamtukana yule ndege kwa Kiluba, yeye na ukoo wake, mpaka majirani wakafungua madirisha. Huyo ndiye mwanamke ambaye sasa unasema anafuga bundi.

Hofu yangu iliondoka kidogo kidogo, kwa kazi. Kuna mama mmoja huku anayetibu ndege walioumia. Ana bundi aliyegongwa na gari, bawa halitapona, hawezi tena kuwinda, basi anamleta kwenye shughuli zetu ili watu wamwone kwa karibu. Siku moja alinivalisha glavu ya ngozi akamweka mkononi mwangu. Yaya, ni mwepesi kuliko kuku wa Kapolowe. Ni manyoya matupu. Nilihisi moyo wake unadunda, naye ananiogopa kuliko nilivyomwogopa mimi. Niliona haya.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mlipopotea. Wageni wanaosema Kiingereza wanadai bundi wa aina hii akilia anauliza swali: nani anakupikia? Nani anakupikia? Wafaransa wa huku hawasikii hivyo, wao wanasikia hu-hu tu. Lakini mimi tangu nilipoambiwa nasikia hivyo, kila jioni, na kila jioni nilikuwa namjibu moyoni: Mama. Tena matembezi yangu yalifanikiwa. Watu walianza kuja katika miezi ile ambayo zamani Lucie alikuwa ananisimamisha kazi mpaka theluji iyeyuke. Safari hii hakunisimamisha. Kwa hiyo siku ile, nimeshika bundi, mwenzangu akanipiga picha nimevaa kofia ya kazi na nembo, nikaituma katika grupu ya familia, nikaandika chini yake: "Mama, huyu njo anatulishaka." Kwa Kiswahili cha mchungaji: huyu ndiye anayetulisha.

Ilikuwa bucheko, Yaya. Mzaha wa mtoto kwa mama yake. Na wewe ulijua. Ulikuwa wa kwanza kucheka. Uliandika: "Weye Mado, siku moja utatuua na bucheko." Clarisse akaandika: "Waa, mulamu, huyo ndege na sura yake sawa ya professeur!" Mama hajui kuandika kwenye simu, alituma sauti, alikuwa anacheka mpaka anakohoa: "Mado, umuachilie huyo ndege ya watu, atakunyea mukono bure!" Nimeitunza sauti hiyo. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia Mama akicheka.

Kisha Ketsia akapata homa na degedege. Ni malaria, hospitali walisema malaria, wakamwekea serumu mshipani, mtoto akapona. Nilikaa na simu mkononi siku zile zote, nilisali na nyinyi. Sikucheza na ugonjwa wa mtoto na sichezi nao sasa. Lakini wewe ulikuwa na mtoto aliyepona, na badala ya kumshukuru daktari na Mungu ukaenda kutafuta nani alimfunga kwa uchawi. Ulifungua simu yako mbele ya mchungaji ukamwonyesha picha yangu. Na yeye hakuangalia ndege, aliangalia neno.

Wewe na mimi tunajua kulisha ni neno gani huko kwetu. Mtoto akisema fulani alinilisha, fulani hana tena mahali pa kusimama. Neno lile lile la mama anayempa mwanawe bukari, ugali wetu, ndilo neno la muloji, mchawi, anayempa mtoto wa watu nyama ya usiku. Mimi huku nimekaa miaka na watu ambao kulisha kwao ni kulisha tu, nikasahau kwamba neno lina mlango wa nyuma. Wewe hukusahau. Ulisimama kwenye mlango huo ukawakaribisha.

Nakuandikia hapa maneno yako mwenyewe, kama ulivyoyatuma, ili uyaone kwa macho:

"Mado, ni minye yaya yako. Bon, sikiya. Photo yako, pasteur aliiona. Akatuuliza, huyu mama munaikala naye mu nyumba, njo anapikaka? Tukamuambia ndiyo, njo yeye. Akasema, basi njo pale mulango iko. Mama tulimupeleka Kapolowe kwa Tantine. Haina mubaya, ni juu ya batoto. Atarudia tu siku atasimama mu kanisa na kusema mwenyewe. Usimupigie tena Clarisse, eko na woga. Mungu atusaidie."

Haina mubaya! Umemtoa mama yako katika nyumba ambayo yeye na Baba waliijenga tofali kwa tofali, umemweka nyuma ya pikipiki na kifurushi cha nguo, halafu haina mubaya. Na Mungu atusaidie. Mungu alikusaidia zamani, alikupa Mama.

Ujumbe wako ulinifikia mchana, nikiwa kibandani nachochea jiko. Jioni ile nilikuwa na matembezi. Wageni walikuwa wengi, wazee, watoto, mama mmoja na mtoto mgongoni ndani ya koti. Niliwapeleka mpaka penye miti, nikawaambia wanyamaze, nikaweka mikono mdomoni. Sauti haikutoka. Nilijaribu tena, kikatoka kikohozi. Watu wote wananitazama, theluji inaanguka, na mimi nimesimama kama mtu aliyeambiwa aimbe msibani. Nilikuwa nafikiri: nikimwita sasa namwita aende juu ya Mama. Hivyo ndivyo ulivyonifanya, mimi niliyemshika ndege yule nikahisi moyo wake. Kisha bundi mwenyewe akalia, mbali kidogo, bila mtu kumwita. Nani anakupikia? Wageni wakafurahi, wengine wakapiga makofi na glavu zao. Nilimchukia. Nilimchukia ndege asiye na kosa, Yaya, na niliporudi ofisini nilikaa ndani ya gari sikuwasha injini mpaka Lucie akaja kugonga kioo. Nilimwambia kwamba mama yangu anaumwa. Nilishindwa kumweleza anaumwa nini.

Na wewe, aliyekulisha ni nani? Mama alikuwa na malewa yake, kibanda cha chakula, karibu na mlango wa kiwanda, Shituru. Sufuria mbili, benchi, na turubai la kuzuia mvua. Wanaume wa zamu ya asubuhi walikula kwake, na wa zamu ya jioni walikula kwake, na mafundi wa reli walikuja wanakula wamesimama. Ikiwa Mama anawalisha watu buloji, basi nusu ya Shituru ni baloji, na wewe ni mkuu wao, kwa sababu ulikuwa unatoka shule unakula kabla ya wateja na baada ya wateja. Ulikula bukari yake na sombe yake ya majani ya muhogo na dagaa wake wa kapenta mpaka ukawa na shingo hiyo unayofungia tai siku ya Jumapili. Mchungaji wako hakuuliza kuhusu hiyo? Hakuona mlango kwenye shingo?

Halafu kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeliona, kwa macho yenu yote ya rohoni. Picha inaonyesha mkono wa nani? Ni wangu. Bundi amekaa kwangu, kofia ni yangu, meno yanayocheka ni yangu. Kama mnatafuta mwenye bundi, mngeanza na mimi. Lakini mimi niko mbali, na nina mdomo. Mama yuko karibu, na mkubwa wa nyumba akimwambia panda pikipiki, anapanda.

Nilimpigia kwa simu ya Tantine Marthe. Soma pole pole hapa, usiruke.

Tantine alisema kwanza: "Mado, mama yako hapiki tena. Minye njo ninapika. Batoto ba jirani bakifika anaingia mu nyumba, anafunga mulango. Jana alikata sombe, alipoiona imeiva akaimwanga. Nikamuuliza, unaimwanga sababu gani? Akasema, hatujue."

Kisha akampa Mama simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mado, mwana yangu. Ile ndege, weye unaishikaka na mukono?"

"Na gant, Mama. Gant ya ngozi."

"Haikuume?"

"Hapana, Mama. Iko na woga kunipita."

"Mm." Nilisikia kuku nyuma yake. "Banasema muntu anaweza kuwa nayo, ile buloji, hajue. Inalala ndani yake, yeye hajue. Inaweza kuwa vile, Mado? Nikuwe nayo minye, sijue?"

"Mama, hapana! Ni nani alikuambia? Mama, ni minye nilisema bucheko."

"Nilijua ni bucheko. Minye nilicheka." Kisha akaniuliza lile ambalo nataka likulaze macho kama linavyonilaza mimi: "Lakini nikisema njo minye, batanirudisha ku nyumba? Ketsia ananiulizaka?"

Umesikia, Yaya? Mama yuko tayari kusema ndiyo. Siyo kwamba anaamini, ingawa mmeanza kumwaminisha. Anataka tu kurudi kuwaona wajukuu. Atasimama mbele ya kanisa lenu aseme ni mimi nilimfunga mtoto, na nyinyi mtapiga vigelegele mseme amefunguka. Na unajua vizuri baada ya hapo inakuwaje. Mtu akisema ndiyo mara moja, kila homa ya mtaa ni yake. Kila mimba itakayotoka ni yake. Hatakuwa tena na mtu wa kupokea sahani mkononi mwake mpaka siku ya kufa kwake, na siku hiyo pia watu watakula kwanza makwao ndipo waje. Tantine anasema mmepanga Pasaka. Siku ya kufufuka kwa Bwana nyinyi mnataka kumzika mama akiwa hai.

Mimi ni mdogo wako na sijawahi kukupa amri. Leo nakupa. Kabla ya Pasaka utaenda Kapolowe. Mchungaji abaki Likasi. Utaenda na Clarisse na watoto wote, Ketsia pia, uwavalishe vizuri. Mkifika hamtasali, hamtakemea kitu. Utakaa chini mbele ya nyumba ya Tantine, mahali ambapo wapita njia wanaona, na utamwambia Mama: tuna njaa. Atakataa. Ataingia ndani afunge mlango. Wewe utakaa. Mwambie tena. Mwambie mpaka atoke awashe makaa. Akishapika utakuwa wa kwanza kunyoosha mkono, utamega tonge, utakula mbele ya watu, na watoto watakula, na Clarisse atakula, hata kama anatetemeka. Utaomba nyongeza. Kisha utampandisha kwenye gari, siyo pikipiki, akae mbele, umrudishe katika chumba chake na ufunguo wake umpe mwenyewe.

Usipofanya hivyo, nakuja. Nimeshamwomba Lucie likizo, theluji itakuwa inayeyuka, wageni ni wachache. Sitakuja na zawadi. Nitaingia katika kanisa hilo Jumapili ya Pasaka na kofia yangu ya kazi, nitasimama pale mnaposimamisha wanaokiri, na nitamwita yule ndege kwa sauti yangu, kama ninavyowafanyia wageni, waamini wote wasikie ni nani mwenye bundi katika familia hii. Baada ya hapo nifungeni mimi. Mniweke nyuma ya pikipiki kama mtaweza. Miguu yangu imezoea kutembea juu ya barafu, sidhani kama itashindwa lami ya Likasi.

Sina mengi zaidi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe upande wa nyuma. Nimekuita Yaya barua nzima kwa sababu Mama alinifundisha kwamba mkubwa ni mkubwa hata akikosea. Ni yeye anayekulinda humu ndani, si mimi.

Nisalimie mulamu Clarisse. Mwambie simchukii, mtoto wake aliumwa na mama yeyote angepagawa, lakini mama yeyote angekumbuka pia ni nani alimkanda na maji ya moto baada ya kila uzazi. Nisalimie wanao wakubwa, wale wawili wanaosoma, wasisahau kuandika. Ketsia mbebe mgongoni kidogo kwa ajili yangu. Wasalimie majirani zetu wa upande wa mwavokado, ambao walifungua madirisha siku ile na wanajua ukweli wakitaka kuusema. Mchungaji wako mwambie jina langu ni Madeleine, aniweke katika maombi yake kwa jina hilo.

Anayekupa barua hii ni mama wa kwetu, amerudi kumwoza binti yake, ameahidi kukaa mbele yako mpaka uimalize. Mpe maji ya kunywa.

Mama usimpe salamu zangu. Mimi namsalimia mwenyewe kila siku kwa simu ya Tantine. Kampe zako.

Mdogo wako, tumbo moja,

Mado